Kuchunguza umbo la RNA ya ribosomu kwa vimeng'enya: dalili zinazoonekana kwenye jeli na vyanzo vyake

Mwongozo huu ni wa mtu anayekata RNA ya ribosomu (rRNA) kwa vimeng'enya ili ajue sehemu zipi zimeshikana kuwa mashina na zipi ziko wazi, kisha akapata jeli isiyosomeka au inayosomeka vibaya. Mifano mingi ni ya bakteria E. coli: rRNA ya 5S yenye nukleotidi 120 na ya 16S yenye nukleotidi 1542. Maumbo ya molekuli hizi yanajulikana hadi kwenye atomi, kwa hiyo matokeo yanayopingana nayo yanakuambia mapema kwamba tatizo liko kwenye mrija wako. Anayeanza na rRNA ya kiumbe kisichojulikana bila kupitia kwanza 5S ya E. coli anajinyima kipimo hicho.

Kabla ya dalili, yakumbuke mambo mawili kuhusu vimeng'enya vyenyewe. La kwanza ni madini. RNase T1 hukata baada ya G iliyo wazi. RNase T2 hukata baada ya nukleotidi yoyote iliyo wazi, ila hupendelea A. RNase A hukata baada ya C na U. Hivi vitatu havihitaji madini yoyote. Nyuklezi S1 hukata uzi mmoja bila kujali besi, na haifanyi kazi bila zinki. RNase V1, inayotoka kwenye sumu ya swila wa Asia ya Kati, Naja oxiana, hukata sehemu zilizojipanga kwa mzunguko wa uzi pacha, na haifanyi kazi bila magnesi.

La pili ni ncha zinazoachwa. T1, T2 na A huacha fosfeti kwenye ncha ya 3′ ya kipande cha kushoto na hidroksili kwenye ncha ya 5′ ya kipande cha kulia. S1 na V1 hufanya kinyume: hidroksili kwenye 3′, fosfeti kwenye 5′. Ukiyashika haya mawili, mengi ya yanayofuata utayatambua mwenyewe kabla hujafika chini.

Mmenyuko wa kuanzia, wa mikrolita 10, uwe hivi: RNA yenye alama (ya mnururisho kwenye ncha yake moja) chini ya pmol 1, tRNA ya hamira µg 1 kama kisindikizo, Tris-HCl 10 mM ya pH 7.5, KCl 100 mM na MgCl₂ 10 mM. Jaribu T1 kwa yuniti 1, 0.1 na 0.01, V1 kwa yuniti 0.1, 0.01 na 0.001. Weka nyuzijoto 25 kwa dakika 10, kisha chuja kwa fenoli na klorofomu, na shusha RNA kwa ethanoli. Kwenye kila jeli ziwemo njia nne za ulinganisho: RNA isiyoguswa iliyokaa kwenye barafu, RNA iliyokaa nyuzijoto 25 muda uleule bila kimeng'enya, ngazi ya alkali (RNA iliyovunjwa kwa alkali baada ya kila nukleotidi, ya kuhesabia), na T1 iliyokata RNA iliyofumuliwa kwa urea. Njia hizi si za kuachwa eti kwa kuwa jeli imejaa. Jeli ikijaa, punguza sampuli.

Ukanda wa RNA nzima umetoweka, au vipande vyote viko chini ya jeli

Kimeng'enya kimezidi. Hili linajulikana na wengi, lakini wengi husimama mapema mno wanapokipunguza. Lengo ni kila molekuli ikatwe mara moja tu au isikatwe kabisa, kwa sababu molekuli iliyokwisha kukatwa si ile uliyokuja kuipima. Vipande vyake hujikunja upya, na kimeng'enya hukata umbo hilo jipya.

Hesabu yake ni rahisi. Wastani ukiwa mkato 1 kwa molekuli, zinabaki nzima asilimia 37 tu, na kati ya zilizokatika zaidi ya 4 kwa kila 10 zimekatwa mara mbili au zaidi. Wastani ukishuka hadi 0.2, zinabaki nzima asilimia 82, na zilizokatwa zaidi ya mara moja ni takriban 1 kati ya 10 zilizokatika. Ukifika 0.1, zinabaki nzima asilimia 90 na zilizorudiwa ni 1 kati ya 20. Kwa 5S, basi, chagua kiwango kinachoacha RNA nzima asilimia 80 hadi 90, hata kama kanda za vipande zitakuwa hafifu na utalazimika kuacha filamu usiku kucha.

Kwa 16S kuna mtego wa ziada. Ukisoma kwa praima, yaani kipande kifupi cha DNA kinachoshika RNA na kuanzisha kuinakili kuwa DNA, unaona dirisha la nukleotidi 200 hivi. Dirisha hilo likionyesha asilimia 82 hazikukatwa, unaridhika. Lakini kama mikato imesambaa sawasawa, wastani wa 0.2 kwa nukleotidi 200 ni wastani wa 1.5 kwa molekuli nzima ya 1542, na hapo molekuli nzima zimebaki kama asilimia 21. Dirisha ni safi na molekuli imechanikachanika. Kwa 16S na 23S (rRNA ndefu kuliko zote za E. coli), pitisha sehemu ya kila mmenyuko kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.2 yenye kifumuzi kabla ya kupoteza muda kwenye praima, na tumia kiwango ambacho ukanda mkuu bado ndio wenye uzito mkubwa.

Vyanzo viwili vingine hufanana na kimeng'enya kilichozidi. Kimoja ni kusahau tRNA. Bila kisindikizo, RNA yenye alama ni kidogo mno, na yuniti 0.01 ya T1 huwa nyingi kwa ghafla. Cha pili ni kujaribu kusimamisha T1 kwa EDTA. EDTA huzima S1 na V1 kwa kunasa madini yao, lakini T1 na A haizigusi. Zitaendelea kukata wakati mirija inasubiri zamu, na zitakata kwa pupa zaidi kwa sababu EDTA imeondoa magnesi iliyokuwa imeshikilia umbo. Dalili ya pekee ya kosa hili ni kwamba mrija wa mwisho kuchujwa ndio ulioharibika kuliko yote, hata kama ndio uliokuwa na kimeng'enya kidogo. Kwa T1, T2 na A, tia fenoli palepale saa inapolia, na chuja mara mbili. RNase A ni ngumu kuondoka, na mabaki yake yataendelea kazi utakapoyeyusha RNA kwenye maji.

Hakuna mkato wowote

Anza kwa kuuliza kama tatizo ni kimeng'enya au ni RNA. Chukua kimeng'enya kilekile ukipe RNA iliyofumuliwa. Kwa T1 ni rahisi: sitreti ya sodiamu 20 mM ya pH 5, urea 7 M, EDTA 1 mM, nyuzijoto 50, dakika 10. G zote zikijitokeza hapo na hazijitokezi kwenye bafa ya umbo, kimeng'enya ni kizima na unachokiona ni umbo la kweli, au kiwango chako ni kidogo.

S1 isipokata, chunguza EDTA kwanza. RNA iliyohifadhiwa kwenye TE (bafa ya Tris na EDTA) yenye EDTA 1 mM, ukiweka mikrolita 5 ndani ya 10, inaleta EDTA 0.5 mM. Kwenye bafa ya V1 yenye magnesi 10 mM hilo si kitu. Kwenye bafa ya S1 yenye zinki 1 mM, nusu ya zinki imekwenda. Shusha RNA kwa ethanoli na uiyeyushe kwenye maji. Bafa ya fosfeti nayo haifai kwa S1, kwa kuwa zinki hujitenga kama unga mweupe. Ukiona ukungu kwenye mrija, umepata jibu. Usijaribu kuponya kwa kuongeza zinki hadi mM kadhaa, maana zinki nyingi huishusha na kuikata RNA yenyewe.

S1 hupenda pH ya karibu 4.5. Hapo A na C zilizo mahali pafaapo huanza kuchukua protoni, na umbo linaweza kubadilika. Tunapendelea kuifanyisha kazi kwenye pH 6 au 7 kwa kimeng'enya kingi zaidi, hadi mkato ulingane, kuliko kupata mkato mzuri wa molekuli isiyo ndiyo. Ukilazimika kutumia pH ya chini, rudia T1 kwenye bafa hiyohiyo na ulinganishe G zilizo wazi na zile za pH 7.5. Zikitofautiana, matokeo ya S1 hayachanganywi na mengine kwenye mchoro mmoja.

V1 isipokata, magnesi ndiyo ya kwanza kukaguliwa, na ya pili ni uzee. Kimeng'enya hiki hakipendi kuyeyushwa na kugandishwa tena na tena. Kigawe kwenye mirija midogo siku ya kwanza, na tupa kilichobaki baada ya kazi.

Kizuizi cha RNase cha kondo la nyuma mara nyingi hulaumiwa bure. Huzuia RNase A na ndugu zake, hakizuii T1 wala S1. Maana yake ni kwamba unaweza kukiacha ndani ya mmenyuko wa T1 ili kikukinge dhidi ya uchafu wa mikono, ila ukikiacha ndani ya mmenyuko wa RNase A hutaona kitu.

Kanda zipo hata kwenye njia isiyo na kimeng'enya

Linganisha njia mbili: RNA ya kwenye barafu na RNA iliyokaa nyuzijoto 25 bila kimeng'enya. Kanda zikiwa kwenye zote mbili kwa uzito uleule, RNA ilivunjika kabla ya jaribio. Zikiwa kwenye ya pili tu, zinazaliwa ndani ya bafa yako.

Zinazozaliwa ndani ya bafa hupenda sehemu za U ikifuatwa na A, na C ikifuatwa na A, zikiwa wazi. Vifungo hivyo ni dhaifu, na RNase za familia ya A huvipenda pia, kwa hiyo kuona kanda kwenye UA na CA hakutoshi kumtaja mkosaji. Tia kizuizi cha kondo: zikipungua, ni uchafu wa RNase, zikibaki, ni mvunjiko wa kikemia unaochochewa na magnesi na joto. Kwa uchafu, badilisha maji na bafa zote kwa pamoja, usibadilishe moja moja kwa wiki mbili. Maji yatibiwe kwa DEPC asilimia 0.1 usiku kucha kisha yapikwe kwenye otoklevu. Tris isitibiwe moja kwa moja, kwa kuwa DEPC huungana nayo. Itengeneze kwa maji yaliyokwisha kutibiwa. DEPC isiyoisha kwa kupikwa hushambulia A za RNA yako na kuharibu kipimo kimyakimya.

RNA ikivunjika kabla ya jaribio, angalia ilikotoka. E. coli wa kawaida ana RNase I, ambayo hujishikiza kwenye kijisehemu cha 30S (nusu ndogo ya ribosomu, yenye 16S na protini zake) wakati seli zinapopasuliwa, na huamka EDTA inapoondoa magnesi. Ndiyo maana maabara nyingi za ribosomu hutumia aina ya MRE600, ambayo haina RNase I. Ukitumia aina nyingine, chuja kwa fenoli yenye SDS (sabuni kali) mara moja baada ya kupasua seli. RNA yenye alama ya fosforasi-32 nayo hujichoma kwa mnururisho wake. Nusu-uhai ni siku 14.3, lakini RNA yenye alama kali huanza kuonyesha mavumbi ya vipande kabla ya hapo. Itumie ndani ya siku chache.

Kwa anayesoma kwa praima, kanda za njia tupu zina chanzo cha tatu ambacho si mvunjiko kabisa: besi zilizobadilishwa na seli yenyewe. Kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA husimama kwenye m³U1498 (U ya nafasi 1498 yenye methili) na kwenye A mbili za 1518 na 1519 za 16S, ambazo kila moja ina methili mbili. Kwenye 23S husimama kwenye m¹G745. Praima iliyoshika ncha kabisa ya 3′ ya 16S itagonga 1519 na haitavuka kwa nguvu ya kutosha. Kwa eneo hilo, weka alama kwenye ncha ya 3′ ya RNA yenyewe kwa pCp (C yenye fosfeti pande zote mbili) na ligezi ya T4, kimeng'enya kinachounganisha ncha za RNA, au tumia RNA iliyotengenezwa kwa polimerezi ya T7 ambayo haina methili, ukijua kwamba hiyo ni molekuli tofauti kidogo na ya kwenye seli. Vituo vingine huletwa na mashina magumu ambayo nakala haiwezi kupita. Kupandisha joto la kunakili kutoka nyuzijoto 42 hadi 50 au 55, kwa kimeng'enya kinachostahimili, huvifuta vingi.

V1 na T1 zinakata mahali pamoja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo makosa ya tafsiri huingia kwenye machapisho. Nukleotidi haiwezi kuwa wazi na kuwa ndani ya shina kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna maelezo matatu, na kila moja lina jaribio lake.

La kwanza ni mkato wa pili, yaani mkato kwenye kipande kilichokwisha kujikunja upya. Fanya jaribio lilelile mara mbili, mara moja kwa alama kwenye ncha ya 5′ na mara moja kwenye ncha ya 3′. Mkato wa kwanza huonekana kwa alama zote mbili, na urefu wa vipande viwili ukijumlishwa hurudisha RNA nzima. Mkato wa pili huonekana kwa alama moja tu, kwa sababu ukitazama kutoka ncha ya upande wa pili, kipande chenye alama kinaishia kwenye mkato wa kwanza. Ukanda wa alama moja tu usiingie kwenye mchoro wa umbo. Tena, punguza kimeng'enya mara 10: ukanda wa mkato wa pili hufifia upesi kuliko zile za kwanza.

La pili ni maumbo mawili ndani ya mrija mmoja, na 5S ya E. coli ni mfano wake bora. Ikichemshwa bila magnesi, kwa mfano kwenye urea na EDTA, huenda kwenye umbo la B, na ikipozwa ghafla hubaki humo. Umbo la A, lile la kwenye ribosomu, hurudi ukiipasha nyuzijoto 60 kwa dakika 10 ikiwa na MgCl₂ 10 mM, kisha ukiiacha ipoe polepole hadi joto la chumba. Tatizo ni kwamba RNA karibu zote hutolewa kwenye jeli yenye urea, yaani zinapita kwenye mazingira yaleyale yanayozaa B. Anayekata vipande kutoka jeli, akaviyeyusha na kuingia moja kwa moja kwenye T1, anapima mchanganyiko. Kagua kwa jeli isiyo na urea yenye magnesi, kwenye chumba baridi: ukiona kanda mbili, usikate kitu hadi ubaki na mmoja. G41, iliyo kwenye kitanzi C, ndiyo alama ya kuaminika ya kwamba T1 inafanya kazi kwenye 5S; ni miongoni mwa G zinazokatwa kwa urahisi kuliko nyingine zote.

Kwa 16S hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa molekuli ndefu ikifumuliwa kabisa hairudi yote kwenye umbo lake bila protini. Ushauri wetu ni kutoifumua kamwe. Ichuje kwa fenoli kwenye baridi bila kuichemsha, kisha iamshe kwa nyuzijoto 42 kwa dakika 30 kwenye magnesi 20 mM. Hata 30S nzima zenye protini zote hulala zikikaa kwenye magnesi kidogo. Zikipashwa joto kama nyuzijoto 40 zikiwa na magnesi ya kutosha huamka, na eneo la ncha ya 3′, mahali kodoni inaposomwa, hubadilika. Maabara mbili zikitofautiana kuhusu A1492 na jirani zake, ulizeni kwanza nani aliziamsha 30S na nani hakuziamsha.

La tatu ni tabia ya V1 yenyewe. Haisomi jozi za besi. Inasoma uti wa RNA uliojipanga kwa mzunguko. Uzi mmoja ambao besi zake zimelala juu ya nyingine kwa mpangilio huo unaweza kukatwa na V1 bila kuwa na mwenzi. Ukiwa umeondoa maelezo mawili ya kwanza na mikato bado inagongana, hasa pembeni mwa vitanzi na kwenye miisho ya mashina, andika kwamba eneo hilo linapumua, yaani linafunguka na kufungika, na usilazimishe jibu moja.

Kitanzi kinachojulikana kuwa wazi hakikatwi

Kutokatwa si ushahidi wa kushikana. T1 ni ndogo, yenye asidi amino 104 na uzito wa kama kDa 11, lakini nayo inahitaji nafasi ya kuikunja RNA ndani ya mfuko wake, na S1 ni kubwa mara kadhaa kuliko hiyo. Vitanzi vifupi vya nukleotidi nne vyenye mpangilio UUCG husumbua hasa: G yake imegeuka na kushikana na U ya mwanzo, na T1 huipita. Vitanzi vya GNRA (N ni besi yoyote, R ni A au G), ambavyo 16S na 23S zimejaa navyo, G yake imeegemea A ya mwisho, kwa hiyo mkato hafifu hapo ni wa kawaida.

Kitanzi E cha 5S ni mfano mwingine. Kwenye michoro ya zamani kimechorwa kama uwazi, kumbe magnesi imekipanga kuwa jozi zisizo za kawaida, na vimeng'enya vya uzi mmoja havikigusi sana. Ondoa magnesi na kitalegea. Jaribio hilo dogo, lenye mirija miwili tu, moja yenye magnesi na moja isiyo nayo, lina faida kubwa, na tunashangaa halifanywi mara nyingi zaidi. Litumie T1, si V1, kwa sababu V1 bila magnesi imekufa.

Ukifanya kazi na ribosomu nzima badala ya RNA tupu, sehemu kubwa ya ukimya ni protini. Kuna namna nzuri ya kujua una ribosomu nzima au RNA iliyovuliwa: alfa-sarsini, sumu ya ukungu inayokata RNA. Kwenye ribosomu za E. coli hukata 23S mara moja, baada ya G2661, na kutoa kipande cha nukleotidi 243 kutoka ncha ya 3′. Kwenye RNA tupu hukata baada ya A na G nyingi huku na huko. Ukiona kipande kimoja safi, ribosomu ziko sawa. Kwa 16S, kolisini E3, sumu ya bakteria, hufanya kazi kama hiyo: hukata baada ya A1493 na kutoa kipande cha nukleotidi 49.

Kanda hazilingani na ngazi

Kama V1 na S1 zinaonekana juu kidogo ya ngazi ya alkali, kwa nusu nukleotidi au moja nzima, hasa kwenye vipande vifupi vya chini ya nukleotidi 30, si kosa la kupakia. Vipande vya ngazi na vya T1 vina fosfeti kwenye ncha ya 3′, vya V1 na S1 havina, na kipande chenye chaji pungufu huenda taratibu. Usihesabu kwa jicho. Tengeneza ngazi ya pili kwa S1 kwenye RNA iliyofumuliwa, au ondoa fosfeti kwenye ngazi ya alkali kwa kinezi ya T4 (kimeng'enya kinachoweka fosfeti kwenye ncha ya 5′ na kinachoweza kuiondoa kwenye 3′) bila ATP kwenye pH 6.

Kanda zikiwa mbilimbili zilizokaribiana kwenye njia ya T1, ni fosfeti ya mduara na ile iliyofunguka zikienda kwa kasi tofauti. Kinezi ileile huzifanya moja. Zikiwa mbilimbili kwenye kila njia, hata ukanda wa RNA nzima, basi RNA yako ina ncha mbili. Polimerezi ya T7 huongeza nukleotidi isiyo kwenye kigezo mwishoni. Safisha kwenye jeli ndefu yenye uwezo wa kutenganisha nukleotidi moja kabla ya kuweka alama ya 3′.

Kwa wasomao kwa praima, kumbuka kuhesabu hatua moja. T1 ikikata baada ya G iliyo nafasi N, kipande cha kulia kinaanza na N+1, na nakala inaishia hapo. Ukanda wake utakuwa sambamba na N+1 kwenye njia za mfuatano, na G yenyewe iko hatua moja juu. Anayesahau hilo atashangaa T1 inakata kila besi isipokuwa G.

Alama haishiki, au jeli imejikunja

5S kutoka kwenye seli ina fosfeti moja kwenye ncha ya 5′, na RNA ya T7 ina tatu. Zote ziondolewe kwa fosfatezi, na fosfatezi yenyewe iondolewe kabisa, kabla ya kinezi na ATP yenye alama. Alama ikishika hafifu baada ya hapo, ncha imefichwa ndani ya shina, na hivyo ndivyo ilivyo kwa 5S, ambayo ncha zake mbili zimeshikana: pasha nyuzijoto 90 kwa dakika moja bila magnesi, weka kwenye barafu, kisha tia kinezi. Umbo utalirudisha baadaye.

Kanda zikibanana mahali pamoja kisha zikaachana sana, shina lenye G na C nyingi halikufumuka ndani ya jeli. Poliakrilamaidi asilimia 10 yenye urea 8 M, ikipashwa kwa umeme hadi nyuzijoto 50 kabla ya kupakia, hutosha kwa kawaida. Isipotosha, tia formamidi.

Maktaba ya mfuatano imejaa vipande visivyo vya kimeng'enya

V1 na S1 huacha fosfeti ya 5′, ambayo ligezi inaihitaji. Mvunjiko wa kikemia huacha hidroksili, ambayo ligezi haiichukui. Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya vimeng'enya hivi viwili vichaguliwe mwaka 2010 kupima maumbo ya RNA za hamira kwa wingi. Ukitia kinezi na ATP kabla ya kuunganisha adapta (vipande vifupi vinavyowezesha vipande vya RNA kusomwa na mashine), umeifuta tofauti na kualika uchafu wote ndani. Kwa T1 huna budi kuitumia, kwa hiyo maktaba ya T1 iwe na maktaba pacha isiyo na kimeng'enya, iliyosomwa kwa kina kilekile, na hesabu ya kila nafasi ya pacha ipunguzwe kutoka ile ya T1. Ukipasua vipande kwa ajili ya urefu, pasua kwa magnesi na joto baada ya kuchuja kimeng'enya, na uunganishe kabla ya kinezi yoyote.

Matokeo ya mwezi jana hayarudi

Yuniti moja ya mtengenezaji mmoja hupimwa kwa RNA ya hamira kwenye nyuzijoto 37, ya mwingine kwa sharti jingine, na chupa mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana. Kila chupa mpya ya T1, S1 au V1 ipimwe upya kwenye 5S kwa viwango vitatu vinavyopishana mara 10, na lebo iandikwe kiwango kinachoacha asilimia 85 nzima, badala ya yuniti za kiwandani. tRNA nayo ni sehemu ya kipimo: ukibadilisha µg 1 kuwa 2, umebadilisha kimeng'enya, na chupa inarudi mwanzo.